Chanjo ya Kifua Kikuu na Gharama ya Njia ya Mkato

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa vijana 990 wa Afrika Kusini ambao walikuwa wamechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, walipokuwa wachanga. Baadhi yao walipewa BCG kwa mara ya pili, na ikaonekana kwamba maambukizi ya kudumu ya bakteria wa kifua kikuu yalikuwa yamepungua miongoni mwao kwa asilimia 45. Furaha iliyofuata ilikuwa na sababu: BCG ni chanjo ya bei nafuu, madhara yake yanajulikana, viwanda vya kuitengeneza vipo, na kama dozi ya pili tu ingetosha kuwakinga vijana, dunia ingeokoa miaka mingi ya kusubiri uvumbuzi mpya. Likaandaliwa jaribio kubwa zaidi, lenye vijana 1,836, kwa lengo la kuthibitisha jambo hilohilo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, na hayakuhitaji maelezo marefu: waliochanjwa tena hawakutofautiana na wasiochanjwa.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda, kwamba jaribio dogo huleta dokezo na jaribio kubwa hulihakiki. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Katika jaribio lile la kwanza swali kuu lililowekwa tangu mwanzo lilihusu kipimo cha damu kugeuka kutoka hasi kuwa chanya kwa mara ya kwanza, na kwa swali hilo BCG haikufaulu. Asilimia 45 ilitokana na swali la pili, lililowahusu wale ambao kipimo chao kiligeuka kisha kikabaki chanya kwa miezi kadhaa. Zaidi ya hayo, hesabu hiyo haikuwa hesabu ya vijana waliougua kifua kikuu; ilikuwa hesabu ya mabadiliko katika kipimo cha damu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kilichochelewesha chanjo bora ya kifua kikuu, pamoja na uhaba wa fedha unaotajwa kila siku, ni mazoea ya kupima kile kilicho rahisi kupimwa badala ya ugonjwa wenyewe, na kwamba fedha chache zilizopo zingepaswa kwanza kulipia majaribio makubwa, ya miaka mingi, yanayohesabu wagonjwa.

Ukubwa wa tatizo unafahamika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na milioni 1.25 walikufa kwa ugonjwa huo, idadi inayoupita ugonjwa mwingine wowote unaosababishwa na kimelea kimoja. Inakadiriwa pia kwamba takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa, na kwamba kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao. Takwimu hii ya mwisho ndiyo ya kutafakari kwa utulivu, kwa sababu inaonyesha kwamba mwili wa binadamu, mara nyingi, unamweza bakteria huyu. Namna unavyomweza ndiyo siri ambayo bado haijafumbuliwa, na mtu asiyejua kinga halisi inafananaje hana budi kubahatisha anapotengeneza chanjo.

Hata chanjo pekee tuliyonayo ilipatikana hivyo. Albert Calmette na Camille Guérin walianza kazi yao mjini Lille, Ufaransa, mwaka 1908. Walimchukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, Mycobacterium bovis, wakamwotesha juu ya vipande vya viazi vilivyotiwa nyongo na gliserini, na kila baada ya wiki tatu hivi wakamhamishia kwenye chombo kipya. Walirudia kazi hiyo mara 230 kwa muda wa miaka 13, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikipita juu ya vichwa vyao, mpaka bakteria akapoteza makali yake. Mwaka 1921, mjini Paris, mtoto mchanga wa kwanza alipewa chanjo hiyo kwa njia ya mdomo. Hakuna aliyejua ni kitu gani hasa kilichokuwa kimepotea ndani ya bakteria huyo; ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1990, ufundi wa kuchunguza jeni ulipokomaa, ndipo ikabainika kwamba kipande cha jeni kinachoitwa RD1 kilikuwa kimefutika, na pamoja nacho protini mbili, ESAT-6 na CFP-10, ambazo bakteria kamili huzihitaji katika kuzihujumu seli za mwili. Kwa bahati njema, kukosekana kwa protini hizo katika BCG kukawapa wataalamu kipimo cha damu kinachoweza kumtofautisha mtu aliyeambukizwa na mtu aliyechanjwa tu. Kipimo hicho ndicho kilichotumika kwa wale vijana, na tutakirudia.

BCG imefanya kazi kubwa isiyostahili kubezwa. Inawakinga watoto wadogo dhidi ya aina mbaya zaidi za ugonjwa huu, hasa kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima, na ndiyo sababu inaendelea kutolewa kwa watoto wachanga katika nchi nyingi. Tatizo lake ni watu wazima. Jaribio lililoanzishwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa vijana waliokuwa wakimaliza shule lilionyesha kinga inayokaribia asilimia 80. Jaribio lililoanzishwa mwaka 1968 katika wilaya ya Chingleput, kusini mwa India, likihusisha watu wapatao 260,000, halikuonyesha kinga yoyote dhidi ya kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima. Maelezo yaliyotolewa ni mengi: kwamba bakteria wengine wa jamii hiyo waishio udongoni na majini huutangulia mwili na kuipunguzia BCG nafasi yake, kwamba mbegu za chanjo zilizotunzwa katika maabara mbalimbali zilikwisha kutofautiana, kwamba waliokwisha kuambukizwa hawanufaiki nayo. Kila maelezo yana ushahidi wake, na hakuna hata moja linalotosha peke yake. Kwa kuwa kifua kikuu cha mapafu kwa vijana na watu wazima ndicho kinachosambaza bakteria hewani, chanjo isiyowafikia hao haiwezi kukata mnyororo wa maambukizi hata ikiwaokoa watoto wengi kiasi gani.

Ugumu wa kazi hii unatokana na tabia ya bakteria mwenyewe. Chanjo nyingi zilizofanikiwa hufanya kazi kwa kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui akiwa bado nje ya seli. Bakteria wa kifua kikuu hakai nje. Akishavutwa pamoja na hewa hadi kwenye vifuko vya mapafu, humezwa na seli za kinga ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza na kusaga vijidudu, naye huzuia kile kifuko alichomezewa kisiungane na sehemu ya seli yenye kemikali za kusagia, kisha akaanza kuzaana humohumo. Ni mwizi aliyehamia chumbani kwa mlinzi. Mwili hujibu kwa kumzungushia ukuta wa seli, na ndani ya ukuta huo anaweza kukaa miaka mingi bila kumdhuru mwenyeji wake, au siku moja ukuta ukaoza, ukapasukia kwenye njia ya hewa, na bakteria wakatoka kwa kikohozi.

Hapa kuna jambo linalopaswa kumtia wasiwasi kila mtengenezaji wa chanjo. Vimelea vingi hubadilisha zile sehemu zao zinazotambuliwa na seli za kinga, ili wasitambuliwe. Mwaka 2010 watafiti waliolinganisha jeni za bakteria wa kifua kikuu kutoka sehemu mbalimbali za dunia walikuta kinyume chake: sehemu zinazotambuliwa na seli T, aina mojawapo ya seli za kinga za binadamu, ndizo zilizobadilika kidogo kuliko nyingine zote. Tafsiri iliyo wazi ni kwamba bakteria huyu anafaidika kwa kutambuliwa, kwa sababu mapambano ya kinga ndiyo yanayoharibu pafu na kumfungulia njia ya kumfikia mtu mwingine. Tafsiri hiyo ikiwa sahihi, chanjo inayoamsha seli T nyingi inaweza kuwa inamsaidia mgonjwa, au isimsaidie, na wingi wa seli hizo kwenye damu hautuambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Somo hilo tayari lilikuwa limelipiwa gharama kubwa. Chanjo iliyoitwa MVA85A, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na kikundi cha Helen McShane, ilitumia kirusi kilichodhoofishwa kubeba protini moja ya bakteria wa kifua kikuu, na iliwafurahisha wataalamu kwa namna ilivyoamsha seli T zinazotoa interferoni gama, kemikali ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa alama ya kinga. Ilijaribiwa nchini Afrika Kusini kwa watoto wachanga 2,797 waliokuwa wamechanjwa BCG. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha ufanisi wa asilimia 17.3 dhidi ya ugonjwa, kiwango ambacho kitakwimu hakitofautiani na sifuri. Wengi waliliita jaribio hilo anguko. Mimi naliona kuwa miongoni mwa majaribio yenye manufaa zaidi katika historia ya chanjo hii, kwa sababu lilihesabu wagonjwa na likahifadhi damu. Miaka mitatu baadaye, uchunguzi wa sampuli zilizohifadhiwa ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na seli T nyingi zilizokwisha kuchochewa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua, huku wale waliokuwa na kingamwili dhidi ya protini ileile, Ag85A, wakiwa katika hatari ndogo zaidi. Hakuna kipimo cha damu kisichoambatanishwa na wagonjwa halisi ambacho kingeweza kutufundisha hilo.

Sasa turudi kwenye kipimo cha damu chenyewe. Kipimo hicho hakimwoni bakteria. Kinachofanya ni kuchukua seli T za mtu, kuzionyesha zile protini mbili zinazokosekana katika BCG, na kuangalia kama seli hizo zitazikumbuka na kutoa interferoni gama. Kwa hiyo kipimo chanya ni kumbukumbu ya kukutana, na kumbukumbu inaweza kudumu hata baada ya bakteria kuangamizwa, kama inavyoweza kufifia bila sababu ya wazi. Chanjo inaweza kumzuia mtu asiugue bila kuzuia kipimo chake kugeuka chanya, kwa kuwa alikutana na bakteria na mwili ukamshinda. Inawezekana pia chanjo ikapunguza idadi ya vipimo vinavyogeuka bila kupunguza idadi ya wanaougua. Kutumia kipimo hicho kama hakimu wa chanjo ni kumpa shahidi mmoja, tena mwenye kusahau, mamlaka ya kutoa hukumu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Dar es Salaam. Kati ya mwaka 2001 na 2008 ulifanyika huko utafiti ulioitwa DarDar, wa ushirikiano kati ya chuo cha tiba cha Muhimbili na Dartmouth ya Marekani, ukihusisha watu zaidi ya 2,000 wanaoishi na VVU ambao walikuwa na kovu la BCG. Baadhi yao walipewa chanjo iliyotengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa, wa jamii ya wale wasiosababisha kifua kikuu. Swali kuu la utafiti, lililohusu kifua kikuu kilichosambaa kwenye damu, halikupata jibu la uhakika kwa sababu wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wachache. Lakini kifua kikuu kilichothibitishwa kilipungua kwa asilimia 39 miongoni mwa waliochanjwa. Ni kweli kwamba hilo nalo lilikuwa swali la pili, na nimekwisha kusema kwamba maswali ya pili hayapaswi kuaminiwa haraka. Hata hivyo, hapa waliohesabiwa walikuwa wagonjwa. Hatua iliyofaa ilikuwa kurudia kipimo hichohicho kwa watu wengi zaidi. Badala yake, toleo jipya la chanjo hiyo, DAR-901, lilijaribiwa kwa vijana 667 wa Tanzania ili kuona kama linazuia kipimo cha damu kugeuka chanya. Halikuzuia, na matokeo ya mwaka 2020 yakaonekana kuifunga habari yake. Chanjo iliyokuwa na dalili ya kuzuia ugonjwa ikahukumiwa kwa kushindwa kufanya jambo jingine.

Nayaeleza haya bila kuwalaumu watafiti, ambao hufanya jaribio linaloruhusiwa na fedha walizopewa. Hesabu yenyewe ni ngumu. Hata mahali ambapo kifua kikuu kimeenea sana, katika kila watu wazima 1,000 walioambukizwa huenda wakaugua watu wachache tu kwa mwaka, hivyo jaribio linalohesabu wagonjwa linahitaji maelfu ya watu na miaka mingi ya kuwafuatilia, pamoja na maabara zinazoweza kuotesha bakteria kutoka kwenye makohozi. Jaribio linalohesabu vipimo vya damu hutosheka na mamia ya vijana kwa miaka miwili. Mfadhili mwenye mfuko mdogo huchagua la pili, na matokeo yake ni kwamba baada ya miaka 20 tuna rundo la majibu ya maswali ambayo hakuna mgonjwa aliyeyauliza.

Uthibitisho kwamba njia ndefu inalipa ni chanjo iitwayo M72/AS01E. Ilitengenezwa na kampuni ya GSK kwa kuunganisha protini mbili za bakteria na kichocheo cha kinga ambacho moja ya viambato vyake hutokana na magome ya mti wa Quillaja wa Chile. Ilijaribiwa Kenya, Afrika Kusini na Zambia kwa watu wazima zaidi ya 3,500 wenye umri wa miaka 18 hadi 50, wasio na VVU, ambao kipimo cha damu kilionyesha kuwa tayari wameambukizwa. Watafiti hawakuuliza kama kipimo kitabadilika, kwa kuwa kilikuwa tayari ni chanya. Waliuliza nani ataugua mapafu na kuthibitishwa maabara. Baada ya miaka mitatu, waliougua walikuwa 13 kati ya 1,626 waliochanjwa, na 26 kati ya 1,663 waliopewa sindano isiyo na chanjo. Ufanisi ulikuwa asilimia 49.7. Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya karibu karne nzima, chanjo mpya kuonyesha kwa kiwango cha kutia moyo kwamba inaweza kuzuia kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima waliokwisha kuambukizwa.

Hata hapa uangalifu unahitajika. Matumaini hayo yote yamejengwa juu ya wagonjwa 39, na kwa hesabu za kitakwimu ufanisi wa kweli ungeweza kuwa mdogo kama asilimia 2 au mkubwa kama asilimia 74. Ndiyo sababu jaribio la awamu ya tatu, yaani lile kubwa la kuthibitisha ufanisi, lilihitajika, na hapo ndipo inapoonekana hali halisi ya uchumi wa ugonjwa wa maskini. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2018. Mwaka 2020 GSK iliikabidhi haki ya kuendeleza chanjo hiyo kwa taasisi ya utafiti ya wakfu wa Gates. Jaribio la awamu ya tatu lilianza Machi 2024, kwa ahadi ya dola za Marekani milioni 550 kutoka wakfu huo na wakfu wa Wellcome wa Uingereza. Miaka takriban sita ilipita kati ya dalili nzuri na hatua iliyofuata. Katika kipindi hichohicho dunia ilikutana na Uviko-19, ikapata chanjo kabla ya mwaka mmoja kwisha, na ikaonyesha kwamba jaribio la watu 40,000 linaweza kuandaliwa kwa miezi michache pale wenye fedha wanapojiona kuwa nao wamo hatarini. Watu wapatao 20,000 waliohitajika kwa M72 waliandikishwa mapema kuliko ilivyopangwa, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 2025. Kwa hiyo ukosefu wa washiriki au wa vituo vya utafiti haukuwa kizuizi.

Hoja inayopingana na yangu ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Chanjo zinazojaribiwa kwa binadamu sasa ni zaidi ya kumi. Haiwezekani kutumia mamia ya mamilioni ya dola kwa kila moja, hivyo lazima pawepo chujio, na chujio hilo ni wanyama na vipimo vya damu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, BCG iliyodungwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu iliwakinga nyani tisa kati ya kumi, na sita kati yao hawakuonyesha dalili yoyote ya kuambukizwa. Hakuna atakayependekeza kuwachanja mamilioni ya watu kwa njia hiyo, lakini nyani hao wametupatia fursa adimu ya kuchunguza kinga kamili ikoje. Nakubali yote hayo. Ninachokataa ni kulichukua chujio ambalo halijawahi kuhakikiwa kwa ugonjwa wa binadamu na kulifanya mlango wa mwisho. Kiashiria cha kinga kinachoaminika kitapatikana kwa njia moja tu: jaribio lililofanikiwa kuzuia ugonjwa, likiwa limehifadhi damu ya waliougua na ya wasiougua, ili tofauti zao zisomwe. Yaani hata anayetafuta njia ya mkato lazima kwanza mtu fulani awe ameipita njia ndefu. Na gharama ya njia ndefu inaweza kugawanywa, kwa mfano kwa kuzijaribu chanjo mbili au tatu kwa pamoja dhidi ya kundi moja la wasiochanjwa, jambo ambalo mashindano ya wafadhili na kampuni yamelizuia bila sababu ya kisayansi.

Katika orodha ya zinazosubiri, MTBVAC ndiyo ninayoitazama kwa makini zaidi. Iliasisiwa na Carlos Martín wa Chuo Kikuu cha Zaragoza, Hispania, na tofauti yake na BCG ni kwamba imetokana na bakteria wa kifua kikuu cha binadamu mwenyewe, aliyeondolewa makali kwa kufutiwa jeni mbili, phoP na fadD26, kwa makusudi na kwa vipimo, hivyo bado anazo protini nyingi zilizopotea katika BCG. Wazo la kumchanja mtoto kwa bakteria hai wa aina hiyo lingemtisha mtu yeyote anayekumbuka Lübeck ya mwaka 1930, ambako zaidi ya watoto 70 walikufa baada ya chanjo ya BCG kuchanganyika maabara na bakteria wenye makali. Ndiyo sababu zimefutwa jeni mbili zisizotegemeana. Jaribio la awamu ya tatu kwa maelfu ya watoto wachanga lilianza mwaka 2022 katika nchi za Afrika. Litahesabu watoto watakaougua. Kuhusu chanjo za teknolojia ya mRNA, ambazo BioNTech ya Ujerumani imeanza kuzijaribu, ni mapema mno kusema lolote la maana.

Kuhesabu wagonjwa nako kuna mtego wake, na nisingetenda haki kama nisingeutaja. Upimaji wa jamii nzima katika nchi nyingi umeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye bakteria kwenye makohozi hawana dalili zinazojulikana. Katika jaribio la awali la M72, mtu alipimwa makohozi alipokuwa na dalili. Chanjo inayotuliza kikohozi na homa huku bakteria wakiendelea kutoka ingeonekana yenye mafanikio kwenye karatasi, ilhali maambukizi yanaendelea. Sina sababu ya kudhani kwamba M72 iko hivyo, lakini kila jaribio kubwa lingepaswa kupima makohozi ya washiriki wote, au walau sehemu yao, kwa vipindi maalumu, wawe wanakohoa au hawakohoi. Jaribio lingine, la chanjo H56:IC31, lililofanyika Afrika Kusini na Tanzania kwa watu waliokwisha kupona kifua kikuu, limetukumbusha kwamba mshangao unaweza kwenda upande mbaya pia: kurudi kwa ugonjwa hakukupungua hata kidogo miongoni mwa waliochanjwa.

Ikiwa M72 itathibitika kuwa na ufanisi wa asilimia 50, wapo watakaosema ni kidogo. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanasema kwamba chanjo ya kiwango hicho, ikitolewa kwa vijana na watu wazima kwa miaka 25, inaweza kuzuia hadi wagonjwa wapya milioni 76 na vifo milioni 8.5. Ni kielelezo cha kompyuta na kinapaswa kusomwa hivyo, lakini mwelekeo wake hauna utata. Matayarisho ya kuipokea ndiyo yanayonipa shaka zaidi. Utaratibu wa chanjo wa nchi nyingi umejengwa kumhudumia mama na mtoto wake. Hauna mahali pa kumkuta mwanamume wa miaka 30 mwenye afya njema, achilia mbali kumrudisha kwa dozi ya pili baada ya mwezi mmoja. Kichocheo cha kinga nacho kinatoka kwa GSK, kampuni inayokitumia pia katika chanjo zake nyingine, ikiwamo ya mkanda wa jeshi inayouzwa kwa bei kubwa katika nchi tajiri. Makubaliano ya kiasi na bei yanapaswa kuwekwa wazi kabla ya matokeo kutangazwa, wakati wanunuzi bado wana nguvu ya kujadiliana.

Kuna pia swali la nani achanjwe. M72 imeonyesha kinga kwa watu waliokwisha kuambukizwa, kwa hiyo kila wizara ya afya italazimika kuchagua kati ya kumpima damu kila mtu kabla ya kumchanja, kazi ambayo inaweza kugharimu kuliko chanjo yenyewe, na kuwachanja wote kwa kudhani kwamba wasioambukizwa nao watanufaika siku watakapokutana na bakteria. Jaribio linaloendelea limejumuisha vikundi vidogo vya watu wasio na maambukizi na vya wanaoishi na VVU, na vikundi hivyo vitatosha kuonyesha kama chanjo ni salama kwao na kama miili yao inaitikia. Havitoshi kuonyesha kama inawazuia kuugua, kwa sababu havina watu wa kutosha, na hivyo wizara zitarudishwa kwenye kusoma vipimo vya damu na kubahatisha, isipokuwa kama jaribio lingine la kuhesabu wagonjwa miongoni mwa watu hao litaanza kupangwa sasa, kabla matokeo ya kwanza hayajafika.